Waksi au Silanti kwa Gari la Mwalimu

Benchi letu liko konani, mkabala na pale ninapooshea magari. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na wa pembeni akiinuka bila kuaga, mwenzake wa upande wa pili anajikuta chini. Asubuhi ile walikuwa watatu na chupa yangu ya kahawa. Kulikuwa na Sukani, dereva wa teksi, na Msasa, fundi wa kupaka magari rangi. Wa tatu ni Mzee Hoja, karani mstaafu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ila hakuna gari asilolijua ugonjwa wake. Mbele yetu lilisimama gari dogo la bluu ambalo nilikuwa nimetoka kulikausha. Lilikuwa la Mwalimu.

Mwalimu alifundisha udereva miaka ishirini na sita. Chukua madereva kumi wa mtaa huu, saba wamepita mikononi mwake, nami nimo. Alipostaafu, shule ilimwachia lile gari kuukuu alilofundishia. Msasa akalikwangua na kulipaka rangi upya, shukrani yake hiyo. Akatuambia tuiache rangi ikomae miezi miwili ndipo tuipake kinga. Miezi ilikuwa imetimia, Mwalimu angekuja mchana kulichukua, na sisi bado tulikuwa hatujakubaliana kinga yenyewe ni ipi.

Sukani alitaka waksi, ile nta ya kopo. Msasa alitaka silanti, dawa ya kiwandani. Alieleza taratibu kwamba waksi inang'aa vizuri, lakini jua likiipiga mwezi mmoja au miwili imekwisha, wakati silanti inakaa nusu mwaka, na gari la Mwalimu linalala nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akamalizia. Sukani akamuuliza huo ufa uko wapi, na rangi kapaka yeye mwenyewe. Msasa akanywa kahawa.

Mzee Hoja akapata upenyo. Silanti, alisema, inaziba pumzi za rangi, na rangi isiyopumua hupauka kwa huzuni. Nilipomuuliza kayasoma wapi, akanijibu kuwa mambo mengine, binti yangu, hayasomwi. Waksi nayo hakuiacha salama. Nta ni mali ya nyuki, na nyuki hawasahau; siku moja watakuja kudai chao, Mwalimu yumo ndani na vioo vimefungwa.

— Sasa mzee wangu, tupake nini? nilimuuliza.

— Msipake kitu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Mzee, gari lisilojitembeza ni kabati.

Tulicheka wote isipokuwa Sukani. Msasa akamtazama.

— Kaka, gari lako umelipaka silanti, nimeona kwa macho yangu. Mbona la Mwalimu unalitakia waksi?

Sukani alinyoosha kikombe nikamwongezea. Ndipo akatusimulia jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa naye benchi moja sikuwahi kulisikia. Alifeli mtihani wa udereva mara tatu. Mara ya tatu alikuwa hana kazi, mkewe ana mimba ya miezi minane, na shule ilikwishamwambia atafute ujuzi mwingine. Mwalimu akamkuta getini, hajui aelekee wapi. Hakumpa pole. Alimwambia aje kesho alfajiri, kabla wanafunzi hawajafika. Mwezi mzima walirudi nyuma na gari hili baina ya mapipa mawili, kila siku, mpaka akaacha kuyagonga. Mara ya nne akapita. Wanawe wanakula na kusoma kwa usukani huo.

— Nikipaka silanti leo, nitarudi kwake baada ya miezi sita, alisema. Waksi, kila mwezi lazima niende. Siku hizi yuko peke yake, nami sijui kwenda kwa mtu nikakaa tu. Nikiwa na kopo na kitambaa, nina sababu.

Msasa alikuwa akijisugua rangi iliyoganda kwenye kucha.

— Basi silanti iwe chini, waksi juu yake, akasema. Havigombani. Leo tunapaka yangu. Ya kwako anza keshokutwa, kisha kila mwezi.

Mzee Hoja alionya kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo alikunja mikono ya shati na kuomba apewe mlango wake. Tulipaka kwa vitambaa laini, tabaka jembamba, tukasubiri, tukafuta. Bluu ile ikawa inaonyesha nyuso zetu.

Mwalimu alifika kwa miguu, mkoba begani. Alilizunguka gari polepole, akatushika mkono mmoja mmoja, na Sukani alimshika muda mrefu kidogo.

— Limependeza, wanangu. Asanteni sana. Sasa, nitakwenda nalo wapi?

Aliuliza kwa dhati. Miaka ishirini na sita gari lile lilikwenda alikohitaji mwanafunzi, kwenye mzunguko, kwenye mlima, kwenye uwanja wa mtihani.

Kwa mazoea, Mwalimu alifungua mlango wa abiria, upande aliofundishia. Sukani akamtangulia, akaketi.

— Leo hapa ni pangu, Mwalimu. Zunguka.

Mwalimu akamtazama, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Akazunguka. Alivuta kiti, akaweka vioo sawa kimoja kimoja kama alivyotulazimisha sote. Upande wa abiria bado kulikuwa na breki ya pili, ile ya mwalimu, na nilimwona Sukani akisogeza miguu mbali nayo.

Kwenye njia panda Mwalimu aliwasha taa ya kulia, ya kwenda kwake. Akakaa hapo ingawa barabara ilikuwa wazi. Halafu akaizima, akawasha ya kushoto, akaondoka.