Basil Coutinho na Waya wa Ghorofa ya Tano

Karatasi mliyopewa mlangoni pa kanisa ina mistari tisa juu ya maisha ya marehemu, na mstari wa mwisho unasema alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Mistari hiyo iliandikwa na kamati ya Jengo la Braganza, nayo ndiyo iliyogharimia uchapishaji. Wasifu huu unaosomwa hapa makaburini ni mwingine. Umeandikwa na dada yake, Yvette, ndiye huyu anayeusoma, na aliyechoka na jua ana ruhusa ya kukaa.

Basil Anthony Coutinho alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, hapa Karachi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Hubert Coutinho, karani wa reli, na Bi Leocadia, ambaye ameketi pale mbele. Alizaliwa ghorofa ya pili ya Jengo la Braganza, katika nyumba ile ile alimolazwa jana usiku akiwa ndani ya jeneza. Miaka arobaini na minne hakuhama. Wenzake walikwenda Toronto, wakaenda Melbourne, na kila aliyeondoka alimwambia, "Basil, unangoja nini huku?" Naye akijibu, "Nani atawaonyesha mama zenu sura zenu?"

Alisoma shule ya mapadri kule Saddar hadi mwaka 1995, kisha akamaliza chuo cha biashara mwaka 1999. Hesabu za biashara zilimchosha vibaya mno. Kilichomtoa usingizini kilikuwa maduka ya vifaa vya umeme ya Regal. Kompyuta yake ya kwanza aliiunga hapo, kipande kwa kipande: bodi kutoka kibanda hiki, diski kutoka kile, kibodi iliyokosa herufi mbili. Kasha alilipata, kifuniko hakukipata, na tangu siku hiyo hakuna mashine yake iliyowahi kuvaa kifuniko. Mama yake aliona haya kuwa na kitu kilicho uchi sebuleni, wageni wanakuja. Akakifunika kwa kitambaa cha lesi cha Krismasi. Mashine ikapata joto, ikazimika.

"Mama, inapumua hiyo!" Basil akapiga kelele.

"Basi na ipumue ikiwa imevaa nguo!"

Walishindana wiki nzima. Mwishowe Bi Leocadia akakata tundu kwenye lesi yake mwenyewe, saizi ya feni. Lesi ile bado ipo.

Alikuwa na sharti moja, na wengi mliosimama hapa mlilisikia mpaka mkalichoka. Kabla ya kutia mkono ndani ya mashine yoyote, gusa chuma kwanza. Alisema mwili wa binadamu hubeba umeme kidogo wa msuguano, hasa ukitembea juu ya zulia, na huo kidogo unatosha kuua bodi. Kwa hiyo Basil aligusa chuma. Aligusa kasha, aligusa nondo za dirisha, aligusa bomba, kila mara, kiganja kizima, kama mtu anayebisha hodi. Watoto wa jengo walimwigiza kwenye ngazi. "Gusa chuma kwanza, Anko Basil!" Yeye akicheka.

Tangu mwaka 1999 hadi siku yake ya mwisho alikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa mizigo bandarini. Kazi ile ilimlisha, na hakuna zaidi la kusemwa juu yake. Kazi yake ya moyoni ilianza akirudi jioni. Ofisi zilipotupa kompyuta kuukuu, yeye alizibeba, akazivunja, akazichanganya, akatoa nzima. Mwaka 2006 akapandisha kebo kutoka ghorofa ya pili hadi kwenye paa, akafunga pale sanduku la chuma lenye swichi na betri, akateremsha kebo nyingine katika kila nyumba ya jengo. Nyumba zote zikapata intaneti moja. Mgao wa umeme ukija, taa zinazimika lakini mtandao wa Basil hauzimiki. Bibi zetu wakaonana na wajukuu zao gizani.

Mwaka 2011 akaandika programu yake mwenyewe, akaiita Dirisha. Uliandika neno nyumbani kwako, likasomeka katika nyumba zote. Aliiandika kwa sababu Bi Leocadia magoti yalimsumbua na alichoka kupiga ukelele kwenye ngazi akitaka mkate. Kwa Dirisha tulijua gari la maji limefika, nani amejifungua, nani amefariki. Aliigawa bure, na kila aliyetaka kuona ndani yake alimfungulia akamwonyesha.

Tarehe 27 Desemba 2008 alifunga ndoa na Glenda Alphonso, mpiga chapa wa ofisi ya parokia. Mashine ya parokia ilikuwa ikiharibika kila Ijumaa, Basil anakuja kuitengeneza kila Ijumaa. Baada ya miezi minne Glenda akamwambia, "Basil, nimegundua ni wewe unayelegeza waya." Akasema, "Ndiyo." Glenda akasema, "Basi sema unachotaka, padri anangoja matangazo yake." Walijaliwa binti mmoja, Noella, ambaye sasa ana miaka tisa.

Hapa katika wasifu wa marehemu huandikwa ugonjwa. Basil hakuugua. Hakuwahi kulala hospitali hata siku moja, na moyo wake ulikuwa mzima kuliko wa yeyote katika kamati.

Sasa yasemwe ambayo kila mkazi wa Braganza anayajua. Kwenye nyaya za barabarani, mbele ya jengo letu, laini ambayo haikatwi wakati wa mgao, kuna kunda, ile kulabu ya kuibia umeme. Waya wake unapanda ghorofa ya tano, nyumbani kwa Bwana Denzil Pinheiro, mwenyekiti wa kamati, unapita juu ya paa, unalisha viyoyozi vyake viwili na nyumba nyingine anazozigawia. Wakaguzi wa umeme wakitokea, Anti Olga wa ghorofa ya chini, ambaye kazi yake ni dirishani, huandika kwenye Dirisha: "Wageni wamefika." Bwana Denzil hutoka na mwanzi barazani kwake, kulabu ikashushwa. Wakiondoka: "Wageni wameondoka." Kulabu inarudi. Programu ya kuagizia mkate wa mama yetu.

Basil alipanda kwa mwenyekiti, Yvette akiwapo.

"Anko Denzil, Dirisha sikuliandika kwa ajili ya hayo."

"Mwanangu, si uliandika kwa ajili ya mkate? Mkate gani utaokwa bila umeme?" Waliokuwa sebuleni wakacheka.

"Haya, cheka. Lakini waya wako umechubuka, umefungwa kwa mfuko wa plastiki, na unapita shibri moja kutoka kwenye sanduku langu la chuma. Mvua zinakuja. Usogeze."

"Kesho fundi anakuja. We ni mtu wa kompyuta, bwana, haya ya umeme tuachie sisi."

Alirudi kumwambia mwezi Mei. Akarudi mwezi Juni. Glenda alimsihi auzime mtandao wote ili wakome. Basil akasema, "Nikizima, Anti Olga atamwona vipi bintiye?" Ndivyo alivyokuwa. Aliwahurumia watu ambao yeye hawakumhurumia, na dada yake alimwambia wazi kwamba huo ni ujinga.

Jumamosi iliyopita, tarehe 22 Julai 2023, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi Basil alikuwa akinywa chai. Kwenye Dirisha pakatokea maneno: "Wageni wamefika." Akaweka kikombe chini. Akamwambia Glenda, "Sasa wameshusha kulabu, waya umekufa. Ndiyo nafasi yangu. Ngoja nikalihamishe sanduku, fundi wa Denzil nimemngoja vya kutosha." Simu akamwachia Noella, maana alitaka mikono mitupu.

Alikuwa kwenye ngazi wakati Anti Olga alipoandika kwamba wageni wameondoka. Wakaguzi walikuwa wamefika langoni tu wakageuka, hawakuingia hata kidogo. Noella aliyasoma maneno hayo kwenye simu ya baba yake, na hakujua kuwa yana uzito wowote. Barazani kwake, Bwana Denzil akarudisha kulabu kwa mwanzi. Huku juu ule mfuko wa plastiki ulikuwa umeshafunguka, na waya ulikuwa umelalia kona ya sanduku. Basil akafika. Kabla ya kulifungua akafanya alivyofanya maisha yake yote. Aligusa chuma kwanza, kiganja kizima.

Hilo mtu anaweza kuliita ajali, na Yvette angeweza kulisamehe siku moja. Lililofuata hapana. Glenda alipofika juu aliwakuta wanaume watatu wa kamati. Kulabu ilikuwa imeshushwa, sawa, Basil asingeweza kuguswa vinginevyo. Lakini mmoja alikuwa akiuviringisha waya na wa pili akiusukuma nyuma ya tangi la maji, na mume wake amelala kwenye maji ya mvua, hakuna aliyemkandamiza kifua kuuamsha moyo, hakuna aliyeita gari la wagonjwa. Waliita baada ya waya kufichwa. Daktari wa mtaani akaandika moyo umesimama. Kweli, ulisimama. Na mlipopita kumuaga mkaona mkono wa kulia umezungushiwa rozari na maua meupe mpaka kwenye vidole, mkadhani ni urembo.

Jana jioni Bwana Denzil alikuja na karatasi ya mistari tisa. "Yvette, binti yangu, soma hii tu. Ukisema mengine, polisi wataingia, jengo zima litaumia. Basil alikuwa mtu wa watu, angetaka hivyo?"

"Anko, ondoka mbele yangu," Yvette akamwambia, na hayo ndiyo mazungumzo yote. Shada kubwa kuliko yote pale ni lake.

Leo asubuhi, jeneza likiwa bado sebuleni, feni zetu zilizimika kwa mgao wa umeme. Waombolezaji wakawa wanajipepea kwa zile karatasi za mistari tisa. Na juu yetu, ghorofa ya tano, viyoyozi viwili vilikuwa vinanguruma. Mlivisikia. Waya umerudishwa, na watoto wetu hucheza juu ya paa lile.

Basil Coutinho ameacha mama, Bi Leocadia, mke, Glenda, binti, Noella, na dada, Yvette. Noella tangu Jumamosi hagusi chuma. Akitaka kufungua mlango hufunika mkono kwa pindo la gauni lake.

Muda si mrefu padri atawakaribisha kutia udongo, kila mtu konzi moja. Mkazi wa Braganza atakayetia, ajue anaahidi kupanda leo hii hii kwenda kuutoa waya ule, na kusema alichokiona mbele ya yeyote atakayeuliza. Asiyeweza, udongo auache chini. Sisi wanawake wanne tutamfukia wenyewe, tumeleta koleo.

Apumzike kwa amani Basil. Pale Braganza asipumzike mtu.