Mwenzangu wa Puge na Jina la Njiani

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyie vijana sita mliokaa benchi la mbele na mashati yenu yaliyopigwa pasi, nawasalimu. Mzee wa kanisa aliniomba nisimame leo kwa sababu mnaondoka na gari moshi la Alhamisi kwenda kuwa askari. Aliniambia, "Wape vijana moyo." Sijui kama nitawapa moyo. Nitasema yaliyonipata tangu mwanzo, na jina la mtu sitalitaja.

Ndugu zangu, nawaambia mapema, mimi si msemaji. Tangu nirudi vitani maneno yananitoka machache, na mke wangu pale anajua. Mkiniona nasema uso haubadiliki, msidhani ni habari ya mtu mwingine. Ni yangu.

Hapa Goweko mnaijua nyumba yetu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani, akarudi, akaenda tena. Baba yangu alibeba masanduku ya risasi katika ile vita ya kwanza ya Wazungu, akarudi mgongo umepinda. Katika ukoo wetu mwanamume ambaye hajasafiri hana neno mbele ya wenzake. Akifungua mdomo wanamuuliza, "Wewe umefika wapi?" Mimi nilikuwa nimefika Tabora, na huko nilikwenda kwa gari moshi, nimekaa. Reli ilitunyang'anya njia. Basi waliposema Mfalme wa Waingereza anataka askari wa kupigana na Mjapani, nikaona njia imefunguka tena. Mjapani sikuwa na ugomvi naye, hata sura yake sikuwahi kuiona.

Pale uwanjani Tabora tulipanga mstari toka asubuhi. Mbele kulikuwa na mtoto wa nyumba ya mtemi, kasoma, kavaa viatu. Baba yake aliambiwa na Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, kwamba watu hawatajitoa kama nyumba yake haijatoa mtu. Akamtoa huyo. Aliyemfuata ni fundi cherehani wa sokoni, mtu wa mjini hasa, na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Yeye alituambia wazi, "Mimi nina wake wawili na chumba kimoja. Acheni nikapumzike vitani." Tulicheka. Halafu mimi. Nyuma yangu kijana wa Puge, mchunga ng'ombe, ambaye hakucheka.

Huyo wa Puge alikimbia wimbo. Nyie mliotoka kwao, Nzega, mnaelewa. Alisinzia machungani, fisi akala ndama wa baba mkwe wake, na ngoma ya mavuno ilipofika watu wakamtungia. Wimbo ukapendwa. Wanawake wakawa wanatwanga nao, watoto wanauimba kisimani. Alikuwa ameoa mwaka huohuo. Aliniambia, "Kaka, usiku nalala, mchana nausikia. Nitarudi siku nitakayokuwa na habari nyingine ya kuimbwa."

Ofisa alipouliza kwa nini tumekuja, sote wanne tulijibu, "Kumpigania Mfalme." Karani akaandika hivyohivyo mara nne.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kabla hatujafika mezani, yule wa Puge aliniuliza, "Hapa mtu anajitajaje?" Nikajiona mjuzi, mjukuu wa mpagazi. Mchungaji anisamehe, lakini desturi ya wapagazi wetu mnaijua. Mtu akitoka, jina lake analiacha nyumbani kwa mama au kwa mke. Njiani anachukua jina jingine, la njia, ili balaa ikimfuata isijue mlango wake. Huko njiani hakuna ruhusa ya kumwita jina la nyumbani. Akirudi anasimama pembeni ya mji, anaitwa jina lake, anaitika, na lile la njia linabaki hapo nje. Nikamwambia, "Usitaje jina lako. Usitaje na kwenu." Nikampa jina la njia la babu yangu. Karani alipomuuliza kijiji, akasema Goweko. Alipoulizwa mwanangwa wake nani, yaani mkuu wa kijiji chao, akamtaja mwanangwa wetu, kwa vile alinisikia mimi nimemtaja.

Desturi ile ilikuwa ya njia ya miguu, watu wanajuana. Mimi niliipeleka mbele ya karani mwenye karatasi.

Tulikwenda. Gari moshi, meli, gari moshi lingine, halafu miguu. Bama, tulikopigana na Mjapani, ni mvua. Sitawaeleza sana. Mtu anazoea kulala ndani ya maji, anazoea harufu, anazoea kula karibu na kitu ambacho zamani kingemfanya asile wiki nzima. Mwanzoni niliogopa. Baadaye uoga ukaisha na vingine vikaisha pamoja nao, sikuona vilipokwenda. Mtoto wa mtemi alipata mistari mitatu ya sajini na akapoteza jicho. Fundi alishonea maofisa mpaka vita ikaisha, akarudi kanenepa. Yule wa Puge alishikwa na homa.

Alilala siku tatu chini ya turubai. Siku ya tatu alinishika mkono, akasema, "Niite jina langu." Nikamwita lile la njia. Akatikisa kichwa. "Langu. La nyumbani." Nami nilikuwa nalijua, alinitajia siku moja melini. Nikamwambia, "Subiri, ndugu yangu. Tukifika utaitwa." Niliona nikimwita nitakuwa nimemwonyesha mauti mlango. Akasema tena mara mbili. Sikumwita. Akafa kabla ya chakula cha mchana, na juu ya kaburi wakaandika jina la babu yangu. Nilikula chakula kile. Sikusikia chochote.

Vita ikaisha, nikarudi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisimama pale njia panda akaniita jina langu, nikaitika, wanawake wakapiga vigelegele. Nilisikia vigelegele kama mtu anayesikia watu wa nyumba ya pili.

Siku chache baadaye mwanangwa akaja na barua ya boma la serikali. Ilikuwa imekaa kwake muda mrefu. Akasema, "Baba, wewe ndiye umetoka huko. Barua inasema askari wa Goweko amekufa, jina hili hapa, na mimi kijiji kizima simpati mtu huyu. Unamjua?"

Ndugu zangu, ilikuwa rahisi. Ningesema, "Ni mtu wa Puge, jina lake fulani." Nilisema, "Simjui." Kisha nikaomba maji ya kunywa.

Mnaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza. Ningesema namjua, ningelazimika kwenda Puge, kukaa chini, na kueleza jina lile limetoka wapi. Nilikuwa nimechoka. Nilisema neno dogo ili niachwe. Mwanangwa akaikunja barua, akasema ataendelea kuulizia.

Miaka ikapita hivyo. Nililima, nilipanga mizinga porini, nilikaa kanisani hapa benchi la nne. Mwanangu wa kike alizaliwa, wakaniwekea mikononi, nikamwangalia kisha nikamrudisha. Mama yangu alipofariki mlilia nyie, mimi nilichimba kaburi. Najua mlisema. Mmoja wenu alisema huyu amerudi mwili tu. Sikukasirika, niliona amesema kweli.

Siku moja nikapeleka asali na nta sokoni Tabora. Nilikuwa nimevaa koti langu la jeshi, maana ilikuwa kipupwe. Mwanamke akaja mbele yangu. Kaniki imepauka, nywele ndefu zimesokotana, ngozi kavu haijaona mafuta. Nilijua mara moja ni mke wa msafiri. Hanyoi, hapaki mafuta, hachezi ngoma mpaka mumewe arudi.

"Habari za leo, kaka," akasema. "Ulikuwa Bama?"

"Nilikuwa."

"Mume wangu naye alikwenda. Sisi wa Puge." Akataja jina lake, lile la nyumbani. "Ana kovu la moto hapa kwenye kiwiko. Boma wanasema jina hilo hawanalo kabisa. Kila nikiona koti kama hili nauliza."

Kovu lile nilikuwa nimeliosha kwa mikono yangu. Nikasema, "Simjui, dada."

"Haya. Asante, kaka. Mungu akubariki." Akanunua asali kidogo, akaenda kwa mtu mwingine mwenye koti.

Nilirudi nyumbani siku ileile. Mke wangu nilimkuta uani anabangua karanga. Nikasimama mbele yake nikamweleza yote, toka mstari wa Tabora. Alibangua mpaka nilipofika kwa yule mwanamke, kisha akaacha.

"Kwa hiyo huyo mwanamke hajalia?"

"Hajalia."

"Mimi nilikungoja, Baba," akasema. "Nilikaa na nywele zile. Nilikuwa nalala na mkono mlangoni. Uliporudi nikanyoa, nikapaka mafuta. Huyo mwenzangu atapaka lini?"

Nikainama kuokota karanga iliyodondoka.

"Wewe hukuja na chochote kutoka huko, hata macho yako hukuja nayo, na mimi nimekaa kimya nikidhani ni vita. Kumbe ni hili." Akasimama, akakung'uta maganda kwenye kanga. "Kesho tunakwenda Puge. Usipokwenda nakwenda mwenyewe."

Tulikwenda, tukapanda lori Tabora, tukashuka Puge jua limepanda. Tukaonyeshwa mji wao. Pembeni ya boma la ng'ombe mke wangu akanisimamisha. "Mwite," akasema.

"Nani? Amekufa."

"Alikuomba. Mwite."

Nikaita. Jina lake la nyumbani, kwa sauti, mara tatu. Mara ya kwanza niliita chinichini. Mara ya tatu ilitoka mpaka ng'ombe wakageuka. Yule mwanamke akatoka mbio anacheka, mikono imejaa unga, akaangalia nyuma yangu, akaangalia nyuma ya mke wangu. Hakuna aliyeitika. Akanitambua, akaliona koti.

"Wewe ulisema humjui."

"Nilisema."

Akakaa chini palepale. Alipopiga yowe la kwanza, ndugu zangu, kitu kilinikata hapa kifuani nikaanguka magoti. Nililia. Nililia kwa ajili yake, nikamlilia mama yangu, nikalilia hata yule mtoto niliyemrudisha. Iliniuma sana, na sikutaka iache kuuma.

Akatoka mama mzazi wa marehemu, mzee wa fimbo. Hakulia mwanzoni. Akaniuliza, "Alipokuwa anakata roho, mlikuwa mnamwitaje?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia kweli: aliniomba jina lake na nilimnyima.

Akaiweka fimbo chini. Kisha akasema, "Basi utakaa. Kila atakayekuja kuhani, utamweleza wewe. Mimi sitarudia maneno hayo."

Nikakaa siku zote za msiba. Watu walikuja kutoka Puge yote na vijiji vya jirani, na kila aliyeingia nilimweleza toka mwanzo: mstari, jina la njia, homa, "simjui" ya kwanza, "simjui" ya pili. Wengine walinitukana. Mwanamume mmoja alinitemea mate. Hakuna aliyeimba wimbo wa fisi. Msiba ulipoanuliwa, mjane alinyolewa nywele. Mke wangu ndiye aliyempaka mafuta.

Baada ya hapo nilikwenda boma na baba wa marehemu, nikaapa mbele ya Bwana Shauri kwamba yule askari wa Goweko asiye na ndugu ni mwana wa mzee huyu. Jina likarekebishwa. Kaburi liko mbali, sijui kama wamebadilisha kibao.

Nimepona? Sehemu. Siku nyingine bado naamka na hakuna kitu ndani, nakwenda shambani hivyohivyo. Lakini mwanangu akianguka nasikia. Mjane yule hajanisamehe. Ameolewa tena na ana mtoto, akiniona sokoni ananipita. Ana haki, wala sikuja hapa kuomba mnisemee kwake.

Namshukuru mke wangu, kwa sababu alikuwa tayari kwenda bila mimi. Namshukuru mama yule wa Puge kwa kunikalisha. Namshukuru mwanangwa wetu, ambaye hakuitupa barua ya mtu asiyemjua. Na nyie wa kanisa hili nawashukuru, mliniachia nafasi yangu benchini hata nilipokuwa nakaa kama gogo. Namshukuru Mungu.

Sasa nyie sita. Sitawauliza kwa nini mnakwenda. Mmoja anakwenda kwa sababu kaka yake alikwenda, mwingine amempenda msichana anayependa buti, mwingine nasikia amegombana na baba yake, na huyo aliyekaa mwisho wa benchi shamba limemshinda. Nyote mtasema Mfalme. Semeni. Ninachowaomba ni kingine: msiende mkiwa watu wasiojulikana. Na kama kuna mtu yeyote humu ndani, mkubwa au mdogo, anayo habari ya mtu na ameikalia, aipeleke kwa wenyewe leo hii, hata kama atatemewa mate.

Mwalimu wa shule ameshakaa nje na daftari litakalobaki hapa kijijini. Vijana, nendeni mmoja mmoja mkaandikwe, jina, ukoo, kijiji. Na mama zao mnyanyuke mwende nao, msimame karibu msikie kila mmoja anachosema.