Pantaleo Hyera, Fundi Aliyefuata Magari Njiani (1938–1976)

Baba Padre, wazee, ndugu na majirani wa Mtaa wa Sikukuu, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Maneno haya yameandikwa na kaka wa marehemu, Eliasi, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, kwa hiyo yatakapopinda myanyooshe wenyewe moyoni.

Marehemu Pantaleo Hyera alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Litembo, Mbinga, akiwa mtoto wa nne wa mzee Wilbert na mama Evarista, akasoma shule ya misheni hapo hapo tangu 1947 hadi 1950, akatolewa ili apalilie kahawa, jambo ambalo baba yake alilijutia hadi alipoingia kaburini.

Mwaka 1957 alikuja Dar es Salaam, akapokelewa kwenye gereji ya Bwana Harilal pale Gerezani, kwanza akiosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha akashikishwa spana, na Bwana Harilal, ambaye tuko naye hapa leo, alikuwa akisema kwamba huyu Mmatengo ukimwachia injini na sufuria, atakurudishia injini inayopika ugali. Gereji ilipofungwa mwaka 1971, baada ya jengo kutaifishwa, marehemu alitia spana zake katika kikapu cha ukili, akaanza kufuata magari yaliyokwama, Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, hadi Lindi na Songea, na katika miaka hii ambayo vipuri havionekani, lori likikatika shafti porini, utingo alidandia gari lolote hadi Kariakoo kumuulizia Fundi Pantaleo, na fundi akaondoka naye kabla chai haijapoa.

Tarehe 9 Januari 1965 alifunga ndoa na Severa katika Parokia ya Msimbazi, wakajaliwa watoto watatu, Klara mwaka 1966, Augustino mwaka 1969, na Mboni mwaka 1973. Familia haifichi, kwa kuwa Mungu anajua yote, kwamba Mboni alizaliwa baba yake akiwa chini ya lori la mtu huko Ikwiriri, na siku alipomwona, mtoto alikuwa ameshajua kukaa. Bi Zamzam wa chumba cha pili alizoea kumtania Severa uani, shoga, mgeni wako kaja, mpe kiti, na Severa alicheka na wenzake, lakini wakiwa wawili alimlalamikia mumewe kwamba anayajua matumbo ya malori kuliko sura za wanawe, naye akimjibu, vumilia mama Klara, masika haya yakiisha nakaa nyumbani, na masika yakaisha, yakaja mengine.

Jumamosi tarehe 13 Machi mwaka huu, huko Nangurukuru, akiwa anafungua springi iliyovunjika, kipande kilichomoka kikamtoboa mguu, naye akafanya kama wafanyavyo mafundi wote, akaosha kidonda kwa petroli, akakikaza kwa kipande cha tyubu kama anayeziba pancha, akaendelea na kazi hadi gari likawaka. Jumatano alirudi nyumbani, Severa akamsihi akachomwe sindano, akasema mbona kimeshafunga, na Severa, ambaye leo anajilaumu bila haki, hakumbana zaidi, kwa sababu alifurahi mno kumwona ameketi. Jumapili tarehe 21, kanisani, alishindwa kufungua kinywa kupokea Ekaristi, akarudi kwenye benchi akilia, akidhani Mungu amemkataa kwa dhambi zake, hadi hospitali waliposema ni pepopunda.

Aliwekwa chumba chenye giza, na daktari akamweleza Severa kwa upole kwamba mgonjwa wa namna hii hasemeshwi wala haguswi, maana sauti ndogo tu, au mkono tu, humkaza mwili mzima kama upinde. Severa akavua bangili, akavua kandambili, akaketi sakafuni karibu na mlango, na mume ambaye yeye alimngoja miaka yote sasa alikuwa mbele yake, haendi popote, lakini mke hana ruhusa ya kumwambia hata pole. Barabara ilikuwa karibu, na kila lori lilipopiga honi marehemu alikakamaa, ndipo Severa akatoka kwenda kuwaomba madereva wapite kimya, na mmoja akamuuliza, vipi mama, barabara umeinunua? Akarudi kukaa. Padre alipokuja na mafuta matakatifu alimpaka kwa ncha ya kidole tu, na Severa amekiri kwamba alimwonea Padre wivu. Ijumaa tarehe 26 Machi, saa tatu asubuhi, Pantaleo alifariki, akiwa na miaka thelathini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mlioleta kuni na mchele bila kuuliza dini, na mafundi na madereva mlioacha kazi zenu leo, na marehemu anawaomba radhi wote aliowaudhi.

Jeneza bado halijafungwa. Kabla ya mwingine yeyote kusogea, tunaomba Severa apishwe, amshike mumewe mkono na kumwambia yote aliyonayo, kwa muda anaoutaka, gari la makaburini litangoja. Lala, Pantaleo, kushikwa hakukuumizi tena, Bwana akupumzishe katika amani yake.