Sare Tuliyoivaa Leo

Mgeni rasmi, Meneja wa kampuni yenye programu ya kupakulia michezo, wasaidizi wako, mafundi wenzetu,

Wapiga picha tumewaomba wasubiri nje, na mlango tumeufunga kwa ndani. Utuwie radhi. Sababu utaisikia kabla hatujamaliza, na tunakusihi usiinuke kitini hadi hapo.

MAKARIBISHO

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi husema hivyo kwa adabu tu. Sisi leo tunasema kwa haja. Karibu sana katika karakana yetu ya ushonaji. Ulipoingia uliisifu sare yetu, gauni moja pana, kilemba kimoja, barakoa moja, ukacheka kwamba humtofautishi fundi na fundi. Hujui ulivyotutuliza moyo kwa maneno hayo.

HISTORIA FUPI

Tulianza na cherehani mbili kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Sheria yetu ya kwanza haijabadilika hadi leo: kipimo cha mteja hakitajwi kwa sauti. Anayepima humwonyesha mwenzake kwa vidole, mwenzake huandika kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, na nguo ikifuliwa mara ya kwanza, maandishi huenda na maji. Kiuno cha mtu ni siri yake.

Sheria hiyo ndiyo iliyomleta kwetu mwenzetu tunayemwita Vifungo. Alikuja kama mteja, akataka gauni la mikono mirefu na jua linawaka. Aliyempima aliona michubuko, akanyamaza, akaongeza urefu wa mkono. Baadaye Vifungo alirudi na mfuko mmoja. "Nyie mnajua kunyamaza," alisema. "Naombeni kazi." Alikuwa amemkimbia mume. Tukampa kiti cha nyuma, mbali na dirisha, na kazi ya kushona vifungo.

MAFANIKIO

Tunashona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi. Vifungo naye alijifunza kucheka tena, akawa anatuchekesha hata sisi. Hayo ndiyo mafanikio yetu makubwa, mgeni rasmi, na tungependa sana risala iishie hapa.

CHANGAMOTO

Karakana ina simu moja ya kazi, yenye namba za wateja na picha za mitindo. Humo tuliweka pia namba ya yule mume. Tukaipa jina USIPOKEE, ili akipiga, yeyote aliye karibu ajue. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Siku moja umeme ulikatika, kazi ikasimama. Vifungo akaomba aweke mchezo wa kupanga vifungo vya rangi. Msimamizi wetu, Mama Mkasi, akamtania: "Wewe kazi vifungo, mapumziko vifungo! Haya, weka tuone." Mchezo ulipakuliwa kwa programu yenu. Iliomba ione majina yaliyomo simuni, tukabonyeza kubali. Ikaomba picha, kubali. Ikaomba ijue tulipo, kubali. Tuliitikia kama watu waliochoka wanavyoitikia amina.

Sisi tusiotaja kiuno cha mtu kwa sauti, tulimtaja mwenzetu mzima mzima. Yule mume naye alikuwa mchezaji wenu. Programu ilimkuta kwenye simu yetu, ikadhani ni rafiki, ikampelekea habari kwamba kuna mtu wake anacheza mtaa huu. Ikaambatanisha na picha iliyojichagulia yenyewe: Vifungo akijaribu gauni la mteja mbele ya dirisha letu.

Ujumbe uliingia katikati ya mchezo: "Siku hizi unacheza vizuri, mke wangu. Na dirisha lenu zuri."

Vifungo aliiweka simu mezani taratibu. "Mama," alimuuliza Mama Mkasi, "amejuaje?" Umeme uliporudi, tuliogopa kuwasha taa.

Tuliifuta programu. Tukaiandikia kampuni yako iyafute na yale iliyokwisha kuyachukua. Tulijibiwa kwamba taarifa zetu ni za thamani sana kwenu. Hapo tukaogopa zaidi.

Kisha tukaarifiwa kwamba unakuja na vishikwambi vya kutuzawadia. Zawadi haikataliwi, tukashukuru. Asubuhi hii wasaidizi wako waliviunganisha na namba ya karakana ili watuonyeshe vinavyofanya kazi. Cha kwanza tu kikaandika: mchezaji unayemfahamu yuko karibu nawe. Jina lilikuwa la yule mume. Kikulacho ki nguoni mwako, mgeni rasmi, na sisi kazi yetu ni nguo.

MAOMBI

Tulikuwa na ombi la paa na ombi la jenereta. Tumeyaweka kando.

Tunaomba vishikwambi vizimwe sasa hivi, kabla hatujaendelea. Tunaomba yote mliyochukua kwetu yafutwe, yafutwe kweli. Tunaomba programu yenu, kabla mtu hajabonyeza kubali, imwambie kwa maneno ya kawaida itamwonyesha nani yeye yuko wapi.

Ombi la mwisho haliwezi kusubiri kesho. Gari lako lenye vioo vyeusi limesimama mlangoni. Tunaomba nafasi moja ndani yake.

Sare hii hatukuishona kwa ajili ya sherehe. Tuliianza tuliposikia unakuja na kamera. Vifungo yumo humu ndani. Huenda yuko mstari wa nyuma, huenda ndiye anayekusomea risala hii. Ukitoka, tutatoka nawe sote, tumekuzunguka hadi garini, na anayetusubiri nje atazame vilemba mpaka macho yamuume. Mmoja wetu ataingia garini. Sisi wengine tutarudi ndani polepole, kama wenyeji waliomsindikiza mgeni wao.

Mungu akujalie safari ya heri, na heri hiyo imfikie atakayekaa ubavuni mwako. Tafadhali usimuulize jina. Kampuni yako inalo tayari.

Ni sisi,
Mafundi wa Kikundi cha Ushonaji cha Chaki ya Ndani.