Jina Lililozidi Mizani

Mama mwenye nyumba amesema leo sitoki hapa bila kusimama kutoa ushuhuda, kwa hiyo nimesimama. Mmezoea kwamba kila zamu yangu ikikaribia, nakumbuka kuna bango la watu sijamaliza kuliandika. Leo brashi nimeziacha nyumbani makusudi.

Wengi mnanijua kama mtu aliyeacha kunywa chang'aa, na ninajua ndiyo habari mnayoingojea. Itakuja. Lakini ndugu zangu, chang'aa ilinikuta nikiwa nimekwisha kuanguka, na pale nilipoanguka si mahali mtu anapotegemea. Nilianguka katika kikundi cha mashairi. Cheka tu, mzee. Hata mimi ningekuwa nimekaa hapo kwenye kochi ningecheka.

Nililelewa hapa jirani, mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, baba akiwa mtu wa reli. Nilipomaliza kidato cha nne nikaona chumba kile kinanibana, na tangu siku hiyo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Kazi yangu inaniruhusu. Mwandishi wa mabango hahitaji kitu ila makopo ya rangi, brashi na ukuta wa mtu. Nimeandika vinyozi wa Naivasha na hoteli za Machakos. Na kila nilikokwenda nilikuwa nikiwachosha watu kwa habari za huku: jinsi Jumapili tulivyokuwa tukivaa mashati ya kupigwa pasi ya makaa, jinsi mama zetu walivyoitana kutoka mlango hadi mlango. Mwisho watu waliniuliza, kama ni kuzuri hivyo, mbona hurudi? Nikarudi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini.

Ndipo nikakipata kikundi hicho. Watu kumi na wawili hivi, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja hapa Jericho. Hapakuwa na mshairi wa kujulikana hata mmoja. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa reli. Kulikuwa na fundi cherehani wa Majengo, mtu wa maneno mengi. Kulikuwa na mchonga vinyago, na akina mama watatu wanne. Watu wa kazi zao, kila mmoja na daftari lake la shule.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Husomi shairi lako. Unachagua shairi la mwenzako lililokupendeza katika wiki, unalinakili kwa mkono wako, unasimama unalisoma, kisha unaeleza kwa nini umelipenda. Wengine nao wanaongeza. Na mwenye shairi hafungui mdomo. Hata asifiwe, hata asemwe vibaya, anakaa kimya mpaka wote wamalize, na wakimaliza anasema neno moja tu: asante.

Niliupenda utaratibu ule. Nilijua kanuni za ushairi, nilizikariri shuleni, kwa hiyo upesi wakaanza kuniita Mwalimu. Kila shairi likisomwa, mimi nilikuwa nikigonga meza kwa kidole, nikihesabu mizani. Silabi nane kipande cha kwanza, nane kipande cha pili. Likipungua au likizidi, nasema hapo hapo. Watu walicheka. Fundi cherehani alisema, "Huyu Mwalimu akisomewa barua ya mapenzi atahesabu kwanza."

Lakini nawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu wakati ule. Kwa mwaka mzima na zaidi, hakuna hata Jumamosi moja ambayo mtu alichagua shairi langu. Hata moja. Mashairi yangu yalikuwa na mizani kamili, vina vimekaa kama mabati, na hakuna aliyeyataka. Naketi pale, naangalia daftari zinavyofunguliwa, natazama kama juu ya ukurasa limeandikwa jina langu.

Akaja mama mmoja. Alikuwa akiuza mboga pale soko la Jericho. Mumewe dereva wa lori, watu wa Ukambani. Mtoto wao wa darasa la pili alikuwa amekufa kwa homa, na huyu mama akaandika shairi la kumwamsha kwenda shule. Beti saba. Kila ubeti ulimalizika kwa mstari uleule: jina la mtoto, kisha "amka twende, jua limekwisha panda". Mara saba anamwita, mara saba haamki.

Jina la mtoto sitalitaja. Nilipomwambia mama huyo kwamba nitasimama mbele yenu, alisema, "Sema yote. Jina acha. Wewe huna ruhusa nalo."

Shairi hilo lilipitishwa mkono kwa mkono wiki nzima. Mchonga vinyago alisema alilisoma kazini na patasi ikamponyoka. Na mimi nikajua kwamba Jumamosi watu watagombania kulichagua. Basi nikaliwahi. Nikamwambia mwenyekiti mapema kwamba mimi nimelichagua lile la mama.

Yule mama aliposikia nimemchagua mimi, Mwalimu, alifurahi. Alikuja siku hiyo amevaa kitambaa kipya kichwani. Aliketi mbele.

Nikasimama nikasoma. Nilisoma vizuri, nakiri. Nilipofika mwisho nikasema, "Nimelichagua hili kwa sababu linafundisha. Hebu tuhesabu." Nikaanza kugonga meza. Jina la mtoto lilikuwa na silabi nne. A-m-ka twe-nde, tano. Nikasema, "Tisa. Limezidi. Na limezidi mara saba."

Fundi cherehani akasema, "Mwalimu, hilo si ni jina la mtoto?"

"Mizani haijui mtoto wa nani," nikamjibu.

Watu wengine walicheka. Msinitazame hivyo, walicheka, na mimi nikanogewa. Nikamgeukia mama mwenyewe nikamwambia, "Dawa ni rahisi. Toa jina, weka 'mwanangu'. Silabi tatu. 'Mwanangu, amka twende.' Nane kamili. Hakuna atakayejua kuna kitu kimetolewa."

Alikuwa akinitazama mdomoni. Utaratibu haukumruhusu kujibu, nami nilijua haumruhusu. Tulipomaliza wote akasema, "Asante, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alileta shairi lilelile, mwandiko mpya, jina limetoka pote saba. Akanipa mimi nilikague. Nikagonga meza, nikahesabu, nikasema, "Sasa limekaa." Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Jumamosi ya tatu hakuja, wala ya nne, na mimi nikasema mbele ya wote kwamba wengine hawawezi kustahimili kusahihishwa.

Miezi miwili hivi ikapita. Nilikuwa nikifanyia kazi kando ya Jogoo Road, kwenye safu ya mafundi, asubuhi jua limechomoza vizuri. Mwanamume mmoja akaegesha lori, akashuka na msalaba wa mbao uliorandwa vizuri, haujaandikwa kitu.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndimi, mzee. Karibu."

"Nimeambiwa unajua majina yanayotosha na yanayozidi."

Nikajua ni nani. Nilitaka kusema kitu, akageuza kopo tupu la rangi akalikalia mbele yangu. "Andika," akasema, akanitajia jina. "Ukiona linazidi ubao, sema. Nina mbao nyingine kwenye lori."

Mafundi wa jirani wakaacha kazi. Niliandika, ndugu zangu. Nimeandika mamia ya majina maishani, na lile lilinichukua asubuhi nzima. Hakuinua sauti hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Lisome." Nikalisoma. "Bado mara sita," akasema. Nikalisoma mbele ya watu wale wote mpaka zikatimia saba, na kila mara alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu.

Kisha akanilipa, sawasawa kama mteja mwingine, akaubeba msalaba wake. Akasema, "Nyumbani hatulitaji siku hizi. Nikilitaja, mama yake ananiambia limezidi."

Akaondoka. Fundi wa viatu aliyekuwa karibu yangu akaniuliza, "Buda, ulimfanyia nini yule mzee?" Siku ya pili nilikuwa Nakuru.

Sasa chang'aa ndiyo hiyo, imefika. Nakuru, Kisumu, Malaba, tena Nakuru. Nilikunywa mpaka mkono ukaanza kutetemeka, na mwandishi wa mabango akitetemeka amekwisha. Kisumu niliandika bucha ya mtu, herufi zikashuka zote upande mmoja. Mwenye bucha akawaita wateja waje waone. "Njooni mtazame bucha yangu imelewa." Wakacheka mpaka nikapanda ngazi kufuta mbele yao. Wakati mwingine nilijaribu kuandika shairi, niandike ninavyojisikia. Nikiandika mstari mmoja, kidole kinaanza kugonga chenyewe. Nikawa nakikalia.

Miaka minne. Nilirudi huku nikiwa na suruali moja. Sikuwa na pa kwenda, nikaenda pale ukumbini Jumamosi.

Walikuwepo wote isipokuwa yule mama. Nilisimama mlangoni na hakuna aliyesema karibu. Fundi cherehani akasema, "Niaje, Mwalimu. Umekuja kuhesabu waliobaki?"

Mwenyekiti akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. Akasema, "Kuna kiti. Lakini hapa hutasema kitu. Utanakili mashairi ya wenzako, nakala mbili kila wiki, mwandiko safi, sisi tusome. Wewe utakaa kimya kama mwenye shairi."

"Mpaka lini, mwenyekiti?"

"Umeshaanza kusema."

Nikaketi. Miezi kumi, wapendwa. Miezi kumi sikufungua mdomo katika chumba kile. Na hawakunihurumia, msidhani. Fundi cherehani alikuwa akinisukumia daftari lake, "Mwalimu, hili langu lina mizani ngapi? Oh, pole, nilisahau." Nakala zangu za mwanzo zilikuwa kama zimeandikwa na kuku. Mwenyekiti alikuwa akizichana katikati, mbele ya wote, ananirudishia: "Rudia." Ilinibidi Ijumaa nisinywe, ili mkono utulie. Nikaona Ijumaa peke yake haitoshi, nikaacha na Alhamisi. Hivyo hivyo, siku moja ikivuta nyingine, mpaka wiki ikaisha. Hakuna aliyeniombea wakati ule, nasema ukweli wangu mbele yenu watu wa maombi. Nilikuwa naogopa tu karatasi ichanwe.

Lakini katika kunakili yale mashairi, polepole, herufi kwa herufi, nilianza kuona watu. Kumbe fundi cherehani mcheshi ana shairi la mke aliyemwacha. Nilikuwa nimelisikia miaka ile nikasema halina urari.

Siku moja nikaenda sokoni. Yule mama alikuwa anakatakata sukuma wiki, hakusimamisha kisu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Kwa lile shairi. Nataka ulirudishe lilivyokuwa."

"Lile la kwanza nililichoma, ulipolisahihisha. Nilibaki na lako," akasema. "Wewe si ulilinakili? Nakala yako iko wapi?"

Nakala yangu, ndugu zangu, nilikuwa nimefutia brashi. Nikamwambia hivyo, kwa sababu sikuwa na uongo uliobaki. Akaendelea kukata mboga. Akasema, "Basi nenda. Unanizibia wateja."

Nilimweleza mwenyekiti, nikiwa nje ya chumba, maana ndani siruhusiwi. Jumamosi akasimama akasema, "Huyu tumemfunga mdomo, sawa. Na sisi tuliopiga makofi?" Siku hiyo wakabadilisha utaratibu: mwenye shairi atajibu, palepale, anavyotaka. Na mwenyekiti mwenyewe, na fimbo yake, akaenda sokoni kumweleza mama.

Mama alichukua muda. Alirudi miezi minane baada ya hapo, na shairi jingine, jipya, nalo lina jina la mtoto tangu mstari wa kwanza. Fundi cherehani alilichagua, akalisoma. Wote wakasema. Mimi nilikuwa nimekwisha kuruhusiwa kusema, nikainua mkono.

Mama akasema, "Shusha. Sasa hivi mwenye shairi anajibu, si ndiyo? Mimi najibu. Nyinyi wote nisomeni. Wewe usinichague, usiniseme, wala kwa wema." Halafu akasema, "Lakini usiondoke. Kaa usikie."

Sijasamehewa, ndugu zangu, na sikuja hapa kujidai kwamba nimesamehewa. Namshukuru mwenyekiti aliyechana karatasi zangu. Namshukuru fundi cherehani kwa ulimi wake, maana ulinionyesha wangu. Namshukuru yule dereva ambaye angeweza kunipiga na hakunipiga. Na kama kuna kitu naweza kuwaachia ni hiki: ukiwa na neno juu ya kitu cha mwenzako, liseme mahali ambapo anaweza kukujibu. Kama hawezi kukujibu, nyamaza wewe.

Huu ni mwaka wa pili nimekaa mahali pamoja. Jumamosi iliyopita lilisomwa shairi jipya la yule mama. Kwangu ni zuri kuliko yote yaliyowahi kusomwa katika chumba kile, na ninaweza kueleza kwa nini, mstari kwa mstari. Wenzangu wakasema waliyokuwa nayo, kiti kwa kiti, mpaka zamu ikanifikia. Alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Zamu yangu ipite."