Roboti ya Wembe na Sarafu za Fundi

Hebu vuta picha hii. Benchi la mbao, mguu mmoja umefungwa kwa waya, limekaa kati ya kibanda cha kinyozi na cha mshona nguo. Ni saa nne asubuhi na birika la kahawa liko kwenye jiko la mkaa kando yetu. Kinyozi tunamwita Wembe, kwa ajili ya kazi yake na ulimi wake. Pembeni yake yupo Fundi, mshona nguo mpole, na mzee Stempu, mstaafu wa posta, na mimi mwishoni mwa benchi. Miaka mitatu iliyopita Fundi alinunua sarafu za mtandaoni, na tangu hapo hajazigusa. Anataka siku moja zimpe cherehani ya umeme, maana mkewe anashona matundu ya vifungo kwa mkono mpaka macho yanatoa machozi. Leo Wembe anamsukuma azihamishie kwenye roboti, programu ya simu inayonunua na kuuza yenyewe. Simu ya Fundi iko wazi. Imebaki kubonyeza tu.

Wembe: Miaka mitatu umezilalia kama kuku anayeatamia! Umepata nini?

Fundi: Bado zipo.

Wembe: Hata kiti changu cha kunyolea kipo! Roboti yangu ina wiki sita tu. Ona, pesa zimekuwa mara mbili.

Fundi akainamia namba ya kijani kwenye simu ya Wembe.

Fundi: Inajuaje kama bei itapanda?

Wembe: Inanusa.

Fundi: Kwa pua ipi?

Mzee Stempu akaweka kikombe chini.

Stempu: Sikilizeni, wanangu. Nimepanga barua miaka thelathini. Hizo roboti zinaandikiana. Moja inauza, nyingine inanunua, halafu zinagawana.

Wembe: Zinagawana nini, mzee? Hazili.

Stempu: Umeme! Kwani simu yako haiishiwi chaji?

Wembe akachungulia simu. Asilimia tisa. Akaigeuza kifudifudi.

Stempu: Hata nyinyi mnaozikalia sarafu siwaamini. Bei ikishuka, wote mnasema "tusubiri". Nani aliwafundisha neno moja dunia nzima?

Fundi: Mimi hakunifundisha mtu, mzee. Nasubiri kwa sababu naogopa. Lakini jana mama watoto kajichoma sindano mara mbili. Nitasubiri mpaka lini?

Wembe: Si ndiyo nakwambia! Bonyeza, ndugu yangu.

Kidole cha Fundi kikashuka, kikasita. Hapo akafika dada mmoja na sketi mkononi.

Dada: Shikamooni. Fundi, naomba unipunguzie kiuno.

Fundi: Marahaba, mwanangu. Kaa kidogo, namaliza jambo hapa.

Dada akakaa, akasikiliza sifa za roboti mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

Dada: Kaka, ulipotoa pesa mara ya kwanza, zilichukua muda gani kukufikia?

Wembe akakohoa.

Wembe: Kutoa… bado sijatoa.

Dada: Hata kidogo?

Wembe: Tulikubaliana hapa hapa. Mzee alisema ukitoa, unaikata roboti hamu ya kazi.

Stempu: Mimi? Nilikuwa nabahatisha tu!

Wembe: Wiki sita nimefuata kubahatisha kwako?

Stempu: Wewe ndiye mwenye roboti, si mimi!

Dada: Basi toa kidogo. Hela ya kahawa tu.

Wembe akabonyeza. Sote tukaegemea upande wake, benchi likalia. Yakatokea maandishi. Wembe akayasoma kimya, kwa hiyo Fundi akatusomea kwa sauti: ili kutoa, weka kwanza kiasi sawa na ulicho nacho.

Wembe: Hiyo kawaida. Ni utaratibu wao…

Mzee Stempu alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi hakucheka. Aliifunga programu, akaizima simu, akamshika Wembe bega. Kisha akachukua futi, akampima yule dada kiuno. Kama sarafu zake zitapanda, hajui. Mkewe ataendelea na sindano wiki hii, na hilo lilimuuma, niliona.

Nawe, ukikaa kwenye benchi kama letu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: anayekusifia mahali pa kuweka akiba yako, muulize kwanza kama ameshawahi kutoa.