Koti Lililokataa Kuchakaa

Benchi la pale kona lilikuwa mlango. Si kwa mfano; ulikuwa mlango kweli, wa mbao ngumu, ambao fundi kufuli alishindwa kuufungua siku mwenye nyumba alipopoteza ufunguo, ukang'olewa mzima mzima, ukalazwa juu ya rimu mbili za lori na kupewa kazi mpya ya kukaliwa. Kitasa chake kipo mpaka leo, na ukikaa vibaya kinakuchoma. Hapo ndipo fundi mwenyewe alipopata jina la Kitasa, na meza yake ya kuchonga funguo iko hapo hapo, kati ya benchi na ukuta wa duka la simenti, mahali ambapo barabara mbili zinakutana na upepo wa kipupwe unapita bila kupiga hodi. Wenyeji wengine wa benchi ni Hakimu, aliyefagia mahakama mpaka akastaafu, akaondoka na hukumu zote kichwani; Dizeli, dereva wa lori la mchanga linaloegeshwa hapo kungoja wateja; na Mama Birika, mwenye kahawa, ambaye hakai kamwe, kwa kuwa mtu mmoja kijiweni lazima afanye kazi.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inang'ata masikio. Kitasa alifika amevaa shati juu ya shati, na juu ya mashati sweta ambalo viwiko vyake vilishatangulia mbele ya haki. Kwapani alibana mfuko mkubwa wa nailoni. Hakufungua kazi. Aliketi, akaupakata ule mfuko kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

— Leo umekuja na mgeni, alisema Hakimu. Tutambulishe.

Kitasa akalitoa. Lilikuwa koti la kazi, la turubai, la rangi ya udongo, yale wanayovaa watu wa vyumba vya barafu na wajenzi wa barabara wakati wa kipupwe: kitambaa kizito, mishono mitatu mitatu, vifungo vya chuma, bitana nene ndani. Alipoliweka juu ya mlango halikulala. Lilikaa, mabega juu, likawa mtu wa tano. Kwenye zipu ilining'inia lebo ya dukani.

Habari yenyewe aliisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Alinunuliwa koti hilo na binti yake, muuguzi wa mji wa mbali, kwa mshahara wake wa kwanza. Hicho kilikuwa kipupwe cha mwaka juzi. Kitasa alilipokea kwa mikono miwili, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, akasema akiba haiozi. Kila binti alipopiga simu na kuuliza kama analivaa, alijibu kwamba halivui. Binti akiuliza lina joto, alijibu: mwanangu, hili koti litatuzika sote. Sasa binti amepata likizo. Basi linaingia adhuhuri, naye atakuja moja kwa moja hapa kona.

— Akiliona jipya hivi atajua umemdanganya, alisema Mama Birika.

— Hilo dogo. Atajua sikulitaka.

Na ukweli, ambao Kitasa hakuuweka benchini, ni kwamba alilitaka mno. Mara kwa mara alilivuta kutoka uvunguni, akalinusa, akalirudisha. Kazi yake ni ya tupa na grisi na vumbi la chuma, na aliogopa. Mshahara wa kwanza wa mtoto hauji mara mbili, na kwa akili yake, koti likiwa zima basi na ile siku bado iko nzima. Kwa hiyo alitetemeka vipupwe viwili kwa mapenzi, na watu wakadhani ni uzee.

Mama Birika alishauri aseme ukweli. Benchi halikulijadili pendekezo hilo.

— Kesi nyepesi, alisema Hakimu. Koti lina kosa la ujana. Adhabu yake ni kuzeeshwa kabla ya adhuhuri. Samaki mkunje angali mbichi.

— Methali hiyo ni ya kulea watoto, alisema Mama Birika.

— Na hili ni toto. Halijatembea hata siku moja.

Dizeli ndiye aliyejitolea. Alilishika koti mikono, akaanza kusugua viwiko vyake kwenye ukuta wa duka la simenti, pale palipopigwa lipu ya kukwaruza. Kitasa aligeukia upande wa barabara asione, ila masikio hayana kope. Dizeli alisugua mpaka akavua kofia. Alipochoka, wote walisogea kukagua. Ukuta ulikuwa umebanduka sehemu mbili. Koti lilikuwa na vumbi, na vumbi lilipokung'utwa, koti lilikuwa jipya.

— Turubai la namna hii halifumwi, alisema Dizeli akihema. Linayeyushwa, linamwagwa kama lami, likipoa ndipo linakatwa kwa msumeno.

— Uliona wapi?

— Nimebeba mchanga wa kiwanda. Mchanga wa nini kwenye kiwanda cha nguo? Jiulize.

Hakimu alijiuliza, akaridhika. Yeye hakushangazwa na uimara. Kilichomsumbua ni thamani. Watu hununua kitu kigumu wakidhani wamepata faida, alisema, kumbe wamejitia hasarani.

— Kitu kisichochakaa kinakungoja ufe, Kitasa. Utakwenda, lenyewe litabaki. Shemeji atalia, atanyamaza, ataolewa. Huyo bwana ndiye atakayelivaa. Tena litamkaa vizuri kuliko wewe.

Kitasa alimfikiria huyo bwana, akamchukia, hasa kwa mabega yake mapana.

— Na huyo bwana naye atakufa, alisema Dizeli.

— Tena mapema. Lenyewe litaendelea. Mwanzoni watu hulirithi koti. Baadaye koti ndilo linarithi watu. Mimi nimefagia chumba cha mirathi miaka mingi, najua mambo haya yanavyoanza. Itafika siku litadai nyumba.

Hapo akatokea mwanamke aliyechongewa ufunguo jana yake. Alisema kwa upole kwamba unaingia lakini hauzunguki. Kitasa aliupokea, akautazama kwenye mwanga, akaona mwenyewe meno mawili yalivyokwenda upande. Alishika tupa ili aunyooshe. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha, na tupa ikagonga chuma badala ya kukikata. Akamwomba arudi baadaye kidogo. Yule mwanamke aliangalia mikono yake, akaangalia koti lililokaa benchini bila mtu ndani, akaondoka akitikisa kichwa. Ulikuwa ufunguo wa tatu kurudishwa tangu kipupwe kianze, na Kitasa alijua kwamba fundi kufuli ambaye funguo zake hazizunguki ni muuza vyuma tu.

Benchi halikuliona hilo. Benchi lilikuwa limehamia kwenye kahawa. Hakimu alikuwa ametoa hoja kwamba kinachozeesha nguo si kusuguliwa, ni madoa, kwa kuwa hata binadamu haonekani mzee mpaka apate yake. Mama Birika alisema kahawa yake ni ya kunywewa. Alishindwa kwa kura mbili, Kitasa akiwa kimya. Wakamwaga kikombe cha kwanza kifuani mwa koti. Kahawa ilikusanyika, ikafikiri kidogo, ikateremka mpaka chini bila kuacha hata njia. Wakamwaga cha pili mgongoni, cha tatu kwenye mfuko. Mwisho Dizeli alichukua birika lenyewe akaliinamisha. Barabara ililowa. Sisimizi walifurahi.

— Limepakwa nta, alisema Dizeli kwa heshima. Au lina roho mbaya.

Likabaki lori. Hakuna aliyelitaja kwanza. Lilikuwapo tu, na wote wakawa wanalitazama. Kitasa alisema hapana. Akaangalia jua lilipofika, akafikiria uso wa mwanawe, akasema polepole, basi, taratibu. Wakalitandaza koti barabarani, kifua chini. Dizeli akapanda, akapitisha tairi la nyuma juu yake, lori likiwa limebeba mchanga wa nusu nyumba, akarudi kinyumenyume, akapita tena. Kitasa alishika kitasa cha benchi na kukikaza kana kwamba kinaweza kufunga kitu.

Walipoliinua, koti lilikuwa limenyooka kama limetoka kwa dobi. Makunyanzi ya kukaa uvunguni, dalili pekee ya umri liliyokuwa nayo, yalikuwa yamekwisha. Mgongoni ilibaki alama ya tairi, safi, ya kupendeza, utadhani imeshonwa kwa makusudi.

— Sasa limekuwa jipya zaidi, alisema Mama Birika.

Hakimu alilizunguka koti mara moja. Kisha akatoa hukumu ya mwisho: koti likanwe. Kitasa aseme hili ni la pili. Lile la kwanza lilikufa kazini, naye kwa uchungu akanunua jingine linalofanana nalo.

— Lilikufaje, aliuliza Mama Birika, wakati tangu asubuhi mnaapa halifi?

— Ndiyo maana ya uchungu.

Dizeli aliona hoja hiyo ina miguu. Alikuwa anapendekeza namna ya kifo, mashine ya kusaga kokoto ikihusika, wakati sauti ilipowaamkia kutoka nyuma.

— Shikamooni.

Basi lilikuwa limewahi, jambo ambalo hakuna mpango wa kijiweni unaoliwekea nafasi. Binti alisimama na begi lake begani, mrefu kuliko Kitasa alivyomkumbuka, akiwatazama watu wazima watatu waliochuchumaa barabarani kuzunguka koti. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, kama wanafunzi waliokutwa.

Aliliokota. Alilikung'uta kahawa na vumbi. Alitazama alama ya tairi mgongoni. Ndipo akaiona lebo. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye zipu, imelowa kahawa, imepindwa na lori, ila inasomeka vizuri. Katika ukuta na birika na tairi, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuikata.

Kitasa alikuwa na uongo tayari mdomoni, ule wa la pili, na aliufungua mdomo ili autoe. Binti alikuwa anatazama viwiko vya sweta lake.

— Baba, lina joto?

Hakimu alikohoa. Dizeli, ambaye angeweza kutoa ushahidi wa uzito, wa nta, wa mishono na wa asili ya turubai lenyewe mpaka kiwandani, alianza kutafuta kofia yake chini. Swali lilikuwa dogo, na asubuhi nzima hakuna aliyelikaribia.

— Ni imara, mwanangu, alisema Kitasa.

— Hilo umeniambia kwenye simu vipupwe viwili. Muuza duka naye aliniambia. Nilipomuuliza kama lina joto alisema hilo atanijibu mvaaji. Ndiye huyo ninayemngoja.

Hakimu alimnyooshea Mama Birika kikombe. Mama Birika aliliinamisha birika mpaka mdomo ukatazama chini. Halikutoa hata tone.

— Kahawa yenu mmelinywesha koti, alisema.

Kitasa alihisi aibu, na chini ya aibu, kitu kizito zaidi. Alikumbuka mtoto mdogo aliyekuwa akimpokea mlangoni jioni za kipupwe, akiichukua mikono yake yenye grisi na kuibana makwapani mwake, akicheka kwa jinsi ilivyokuwa baridi, akikataa kuiachia mpaka ipate moto. Ndiyo mikono binti aliyoinunulia koti. Si uvungu wa kitanda.

— Niliogopa kuliharibu, alisema. Ulikuwa mshahara wako wa kwanza.

— Mimi nilinunua koti, baba.

Aliing'oa lebo, akampa. Kisha akalishika koti nyuma yake, naye Kitasa akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili. Turubai lilikuwa gumu. Mikono ilibaki wazi kwa mbele kama ya mtu anayebebeshwa gunia. Ndani kulikuwa na baridi kama chumba ambacho hakijafunguliwa. Binti akapandisha zipu mpaka kidevuni, akaichukua mikono ya baba yake, akaibana makwapani mwake mbele ya watu wote, mtu mzima, muuguzi.

— Haya. Lina joto?

— Bado, alisema Kitasa, na lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli juu ya koti hilo. Ngoja kidogo.

Wakangoja. Hata Hakimu alingoja bila kutoa hoja, na Dizeli akasimama upande wa upepo. Kitasa alisikiliza mgongo wake kama anavyosikiliza kufuli, sikio karibu, akitafuta mahali panapoachia.

— Linaanza, alisema.

Alikaa hivyo kitambo. Halafu akatoa mkono mmoja, akakunja vidole na kuvikunjua, akauliza ule ufunguo wa yule mama wameuweka wapi.